Filimbi Moja, Mikono Juu

"Wewe, unakwenda wapi na hilo sufuria kichwani?"

Msusi alikuwa ameshafika mlangoni, helmeti kichwani, mkoba wa vitana begani. Sauti ile aliijua. Tangu baba yao afariki, sauti ile ndiyo iliyoamua nani ale saa ngapi, nani azungumze na nani, na nani anyamaze.

"Kazini, Kaka."

"Kazini! Siku hizi nywele zinasukwa kwa helmeti?"

"Wateja wangu wengine wanakaa mbali. Nikijua kuendesha nitawafikia wote. Nilikwambia tangu mwezi uliopita."

"Mimi nimeambiwa kingine." Kaka Mkubwa alisogea mpaka akaziba mwanga wa dirisha. Alikuwa fundi wa magurudumu, mtu wa kunyanyua gurudumu la lori kama wewe unavyonyanyua mto wa kitanda. "Nimeambiwa umeonekana juu ya pikipiki umekumbatiwa na dume, mchana kweupe. Na aliyekuona ni bosi wangu mwenyewe. Yule yule niliyemwahidi kwamba utaolewa naye. Unajua aliniangaliaje?"

"Ahadi ulitoa wewe, Kaka. Mimi sikuulizwa. Na yule ni mwalimu. Siku ya kwanza mwalimu anakaa nyuma, anashika usukani juu ya mikono yako ili usije ukaingia ukutani. Alikaa hivyo na wote, hata na Mama Posta, mwanamke mwenye wajukuu!"

Kofi lilitua. Helmeti ilizuia nusu yake, nusu nyingine ikampata mdomoni, na ladha ya damu ikamjaa ulimini.

Jikoni mama yao alikuwa akiosha vyombo. Vyombo vikanyamaza, maji ya bomba yakaendelea kutiririka peke yake. Mama hakutoka. Msusi hakutegemea atoke, maana hajawahi kutoka.

"Ukivuka mlango huo nitakufuata huko huko," kaka alisema polepole. "Na huyo mwalimu wako nitamkunja kama waya."

Akavuka. Na mtu asije akakwambia kwamba binti yule hakuogopa, atakuwa anamsingizia. Aliogopa mpaka akateremka ngazi ameshika ukuta. Lakini Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho ya mafunzo, siku ya mtihani wa breki ya ghafla. Tena kulikuwa na lingine, ambalo hakuwahi kulisema hata kwa kioo chake cha kusukia. Ilikuwa siku ya mwisho ya kumwona yule mtu.

Uwanja wa mazoezi ulikuwa nyuma ya ghala la saruji, lami tupu iliyochorwa mistari ya rangi na kupangwa koni. Hauna geti wala uzio. Wanafunzi walikuwa sita, na sheria zilikuwa nyingi, ila moja ndiyo iliyokuwa mama wa zote. Asiyeendesha anashika filimbi na kulinda uwanja. Akiona hatari anapuliza mara moja, ndefu. Ikilia, popote ulipo, lolote unalofanya, unazima injini na kuinua mikono yote miwili. Huulizi kwa nini. Utauliza baadaye ukiwa mzima.

Walikuwa wamelifanya zoezi hilo mara mia. Mwalimu aliwapulizia katikati ya kona, katikati ya kicheko, na safari moja alimpulizia Mama Posta akiwa anakunywa maji, mama wa watu akainua mikono na chupa ikammwagikia kifuani. Walicheka siku nzima. Lakini Mwalimu naye, mwanafunzi yeyote akipuliza, alitii. Aliacha alichoshika na kuinua mikono. Alisema mwalimu asiyeitii filimbi yake mwenyewe ipo siku ataua mtu.

Asubuhi ile alikuwa ameinama anapima upepo wa tairi. Msusi alifika, akasimama mbali kidogo, kioo cha helmeti amekishusha ingawa jua lilikuwa bado halijakolea.

"Umechelewa dakika nne," Mwalimu alisema bila kuinua kichwa. "Wewe hujawahi kuchelewa." Kisha akainua kichwa. "Inua kioo."

"Jua linaniumiza."

"Msusi. Inua kioo."

Akainua. Mwalimu aliutazama ule mdomo uliovimba, akautazama tena. Akakiweka chini kipimo cha upepo.

"Nani?"

"Kaka yangu."

"Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili yako." Akaona aibu, akarekebisha haraka. "Kwa ajili ya mafunzo. Na amesema anakuja."

"Basi leo hakuna mtihani. Nakurudisha... hapana, siwezi kukurudisha nyumbani. Nakupeleka kwa shangazi yako, kwa rafiki, popote."

"Nimeamka alfajiri, nimepigwa, nimetembea mpaka hapa kwa miguu, halafu uniambie hakuna mtihani?" Sauti ilimpanda mpaka Mama Posta, msambaza barua mnene mwenye filimbi shingoni, akageuka kutazama. "Nitafanya. Nikishindwa, nishindwe kwa breki. Sitashindwa kwa ajili ya kaka."

Walitazamana. Mwanamume yule alikuwa na macho ya upole yasiyolingana na mabega yake. Kwa wiki sita Msusi alikuwa ameyakwepa, akiyatazama tu kupitia kioo cha pembeni cha pikipiki, ambako alijidanganya kwamba hayamwoni. Leo hakukwepa. Moyo ulimwenda mbio kuliko injini yoyote pale uwanjani.

"Nilikuwa nimepanga kitu," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Baada ya mtihani. Ukishaacha kuwa mwanafunzi wangu, kuna jambo nitakuuliza."

"Uliza sasa."

"Sasa bado wewe ni mwanafunzi wangu."

"Una sheria nyingi wewe!"

"Ndizo zinazonisaidia. Nenda, panda. Breki mbili pamoja, macho mbele, klachi mwisho. Na usiitazame ile unayoiogopa, maana utaigonga."

Msusi akapanda. Akawasha, akatia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alitakiwa akimbie mita sitini mpaka kwenye mstari mwekundu, hapo afunge breki, asimame kabla ya mstari mweupe. Upepo ulimpiga kwenye mdomo uliopasuka, akaufurahia uchungu wake. Mstari mwekundu ukaja.

Na nyuma ya mstari mweupe, kabla Mama Posta hajawahi kupuliza, akamwona kaka yake, anatembea katikati ya njia, mkononi spana kubwa ya kufungulia magurudumu ya malori.

Kama angemtazama angemgonga. Aliinua macho, akayapeleka juu ya bega la kaka yake, kwenye ukuta wa ghala, akabana breki ya mkono, akakanyaga ya mguu. Tairi la nyuma likalia, pikipiki ikayumba, ikanyooka. Ikasimama. Tairi la mbele lilikuwa limegusa suruali ya Kaka Mkubwa.

"Shuka," akasema.

"Kaka, ungekufa!"

"Nimesema shuka!"

Hakungoja. Alimkamata mkono juu ya kiwiko, akamvuta kama anayeng'oa kisiki. Pikipiki ikaanguka ubavu, Msusi akaanguka juu yake, goti likachanika kwenye lami. Kaka akamvuta tena, akimburuta, na helmeti ikawa inagonga chini, ko, ko, ko.

"Mwachie."

Mwalimu alikuwa amefika. Hakukimbia, alikuja kwa hatua za kawaida, mikono wazi.

"Ndiye huyu?" Kaka Mkubwa akamwachia dada yake ili amwone vizuri. "Ndiye huyu anayekumbatia dada za watu?"

"Ndugu yangu, weka spana chini tuongee."

"Mimi si ndugu yako!"

Pigo la kwanza lilipita hewani. La pili lilimpata Mwalimu ubavuni, na Msusi akasikia pumzi ikimtoka. La tatu halikufika. Mwalimu aliukamata ule mkono, akaupinda, spana ikaanguka, na ngumi yake ikatua kwenye shavu la Kaka Mkubwa kwa mlio ambao Msusi hakuwahi kuusikia popote. Ikafuata nyingine. Kaka akampiga kichwa cha pua, damu ikaruka. Wakashikana, wakaanguka juu ya koni, wakabiringika. Koni zikasambaa uwanja mzima.

Wale wanafunzi walisimama tu. Ni nani angeingia pale?

Kisha Mwalimu akawa juu. Goti lake kifuani mwa Kaka Mkubwa, mikono yake yote miwili kooni. Hakuwa akipiga tena. Alikuwa akibana. Yale macho ya upole hayakuwepo. Msusi aliyatafuta, hakuyaona. Miguu ya kaka yake ilianza kupigapiga lami, kiatu kimoja kikamtoka, uso ukawa wa rangi nyingine.

"Mwalimu, basi!" Msusi alipiga kelele. "Utamuua! Basi!"

Hakusikia. Jamani, yule hakuwa akisikia neno la mtu.

Mama Posta alikuwa amesimama, filimbi shingoni, kinywa wazi. Msusi akaruka, akaikwapua filimbi mpaka kamba ikakatika, akapuliza kwa nguvu zake zote. Moja. Ndefu.

Na Mwalimu akaachia.

Mikono ilitoka kooni, ikapanda juu, yote miwili, vidole vimetawanyika. Hakufikiri. Mwili wenyewe ulitii, kama ulivyotii mara mia. Nyuma yake wanafunzi wote wakainua mikono. Mama Posta akainua mikono. Uwanja mzima ukasimama mikono juu, kimya, na mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuijua sheria ile.

Kaka Mkubwa alivuta pumzi moja ya kukoroma, akapapasa lami, akaipata spana. Akapiga.

Mwalimu hakuwahi hata kuishusha mikono. Chuma kilimpata mkono wa kushoto chini ya kiwiko, ukakunjika mahali ambapo mkono haukunjiki, na kwa kasi ile ile kikamshukia juu ya sikio. Akaanguka bila kulia.

"Nimemuua mimi," Msusi alisema, filimbi bado mdomoni. "Nimemuua mimi."

Kaka Mkubwa aliitazama spana. Akamtazama aliyelala. Akaidondosha, akarudi nyuma hatua mbili, akageuka, akakimbia na kiatu kimoja.

Waliompeleka hospitali ni watu wa ghala, kwenye gari lao la kubebea saruji. Msusi alikaa nyuma, kichwa cha Mwalimu mapajani, vumbi la saruji likigandana na damu kwenye sketi yake. Njia nzima alimwita. Hakumwita Mwalimu; alimwita mpenzi, kwa sauti, mbele ya Mama Posta na wapakiaji wawili, na wala hakujali.

Adhuhuri daktari alimruhusu aingie. Mkono ulikuwa umefungwa plasta, kichwa kimeshonwa nyuzi kumi na moja, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Lile jingine lilimtazama.

"Goti lako limesafishwa?" akauliza.

"Wewe unauliza goti langu?" Msusi akaketi kwenye kiti cha bati, akaanza kulia. "Nilipuliza mimi. Ile filimbi nilipuliza mimi."

"Najua. Mama Posta hana pumzi ile."

"Usinifanyie mzaha. Nimekuvunja mkono."

"Msusi, sikiliza." Alilamba midomo iliyokauka. "Ulipuliza vizuri. Nilikuwa namuua. Sikuwa namtisha, nilikuwa namuua kweli, na nilikuwa nataka. Miaka tisa sijamgusa mtu. Zamani nilikuwa mtu wa ngumi, ndiyo maana nimejiwekea sheria nyingi. Leo zote zimeruka, imebaki ile moja. Nakwambia ili ujue kabla sijakuuliza lile jambo."

Msusi aliutazama mkono mzima uliobaki, uliolala juu ya shuka. Ndio uliokuwa juu ya mkono wake siku ya kwanza, ukimfundisha kuachia klachi taratibu. Ndio pia uliokuwa kooni mwa kaka yake. Alikuwa anampenda mwenye mkono huo, na alikuwa anauogopa, vyote viwili pamoja, na hakuona sababu ya kumficha.

"Ninakuogopa," akasema.

"Una haki."

"Siku ukiinua mkono kwangu, hata mara moja, hutaniona tena. Sitasubiri uombe radhi."

"Hata kama usingenitahadharisha, ningekwambia uondoke."

"Haya. Sasa uliza."

"Mtihani umefaulu. Ulisimama vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Kwa hiyo wewe si mwanafunzi wangu tena." Akajiinua kidogo kwenye mto. "Ningependa kuja kwenu. Kukuposa. Ukikubali."

Msusi alicheka na kulia kwa pamoja, mdomo uliopasuka ukamuuma. "Kwetu? Na mkono huo?"

"Ndiyo maana nimeshaamua. Polisi wakija, nitasema nilianguka na pikipiki. Nikimfunga kaka yako, mama yako atanifungulia mlango siku gani?"

Hakupata kumjibu. Mlango ulifunguliwa na muuguzi, na nyuma yake akaingia polisi mwanamke, kofia kwapani, daftari mkononi. Hospitali ilikuwa imempigia simu, kama inavyofanya kwa majeraha ya namna ile. Na nyuma ya polisi, kabla mlango haujafungwa, akaingia mama.

Mama alikuwa na khanga ya jikoni bado kiunoni. Nje, kwenye benchi la korido, Msusi alimwona Kaka Mkubwa ameinama, alama za vidole shingoni, amevaa viatu vya nyumbani. Alikuwa amemleta mama amsemee.

"Mwanangu," mama alisema, akamshika Msusi mikono yote miwili. "Mwanangu, ni ajali. Pikipiki zinaangusha watu kila siku. Kaka yako ana hasira tu, hana ubaya. Wakimchukua, nyumba ile ataitazama nani?"

"Mama, subiri kwanza," polisi alisema. Akamgeukia Mwalimu. "Umeumiaje?"

"Nilianguka," Mwalimu alijibu. "Kwenye mazoezi."

"Ukaangukia nini?"

"Koni."

Polisi aliutazama mkono, akazitazama nyuzi, akaandika kitu kifupi. "Koni za siku hizi ni ngumu. Dada, wewe ulikuwepo?"

Chumba kizima kikamtazama Msusi. Mama alikuwa anambana vidole mpaka vinauma. Mwalimu alikuwa akitikisa kichwa kidogo, usiseme, usiseme. Na kule nje kaka yake alikuwa ameinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu Msusi ajue kusema, Kaka Mkubwa ndiye aliyekuwa akimwomba yeye.

Alikumbuka alipokuwa mdogo, kaka huyo huyo akimbeba mgongoni kuvuka maji ya mvua. Alimpenda. Hata sasa alimpenda, na hilo ndilo lililomfanya alie tena.

"Nilikuwepo," akasema. "Hakuanguka. Amepigwa kwa spana ya magurudumu, akiwa ameinua mikono. Kabla ya hapo naye alimkaba aliyempiga, nusura amuue, hilo pia andika. Na kabla ya hapo nilipigwa mimi, nyumbani, saa moja asubuhi. Aliyepiga ni kaka yangu. Yule aliyekaa pale nje."

"Msusi," Mwalimu alinong'ona.

"Sitaki mchumba anayeanza kwa kudanganya juu ya mkono wake mwenyewe. Kama kuja kwetu, utakuja na ukweli, na mlango usipofunguliwa, nitatoka mimi."

Kalamu ilikuwa ikikwaruza. Mama aliachia mikono ya binti yake. Msusi akafumba macho, akangoja. Alikuwa anangoja laana, au kofi la pili la siku ile. Alikuwa amemlazimisha mama yake achague kati ya watoto wawili, na alijua nani alikuwa mkubwa siku zote.

Hakuna kilichokuja. Alipofumbua macho, mama alikuwa amesogea mpaka kando ya polisi, anachungulia daftari.

"Afande," akasema, "karatasi hiyo bado ina nafasi?"

"Nafasi ya nini, mama?"

Mama alikunja mkono wa gauni lake, taratibu, mpaka juu ya kiwiko. Ngozi ya pale ilikuwa na alama mpya na alama kuukuu, nyingine za rangi ya zambarau, nyingine zimeshageuka njano. Kule koridoni Kaka Mkubwa akasimama, akaita, "Mama!" Mama hakugeuka.

"Andika na mimi," akasema. "Anza na mwaka aliofariki mume wangu."